Setilaiti zinakadiria mvua, kopo langu ndilo linalopima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Sina malalamiko mengi, nina kitenzi kimoja tu.

Wiki mbili zilizopita mlitoa makala kuhusu setilaiti ndogo zinazochunguza anga na tabianchi, zile ambazo mtu anaweza kuibeba moja kwapani. Ilikuwa makala nzuri, nami nikamsomea jirani yangu kwa sauti tulipokuwa tukichambua mbegu ya viazi barazani. Alisikiliza vizuri. Aliniuliza kama ni yale madishi ya kuonea mpira, nikamwambia hapana, madishi ni masikio tu, zenyewe ziko juu. Tukaendelea hadi nilipofika mahali mliposema kwamba setilaiti hizi "zinapima mvua ya kila shamba". Jirani akaweka kiazi chini akanitazama, maana alijua kitakachofuata.

Hazipimi, Mhariri. Zinakadiria. Huko mjini huenda maneno hayo ni mamoja. Kwangu mimi, katikati ya kupima na kukadiria kuna ekari moja na nusu ya viazi na ng'ombe mmoja wa maziwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mkulima wa viazi mviringo hapa Isongole, Rungwe, kando ya barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu, pale wageni wanaposhukia kwenda kuangalia Ziwa Ngosi. Mwaka 1987, nikiwa mgeni shuleni, mwalimu mkuu alinikabidhi funguo mbili: wa kabati la chaki na wa uzio wa kipima mvua. Ule wa chaki niliurudisha siku niliyostaafu. Wa kipima mvua ninao hadi leo, kwa sababu shule ilipotaka kujenga choo kipya mahali pale, chombo chenyewe kilikuwa kiende na wanunuzi wa chuma chakavu, nikakiomba. Ni shaba tupu, na shaba ina bei. Navijua vituo viwili vya jirani ambavyo vipima vyake viliondoka usiku na havikurudi. Changu nimekizungushia seng'enge, nikakiweka mbali na mparachichi umbali wa mara mbili ya kimo cha mti, kama nilivyofundishwa, ili matawi yasiikinge mvua inayokuja kwa ubavu. Watoto wa shule walikiita kopo, na mimi wakaniita Mwalimu Kopo. Jina limeganda, hata wajukuu zao wananiita hivyo.

Kazi yenyewe ni ndogo lakini haitaki uvivu. Saa tatu kamili asubuhi, siyo saa mbili na nusu wala saa tatu na robo, unatoa chupa iliyo ndani ya kopo, unamimina maji kwenye glasi nyembamba yenye mistari, unaiweka juu ya jiwe lililonyooka, unachuchumaa hadi jicho liwe sawa na maji. Maji hupanda kidogo kwenye kingo za glasi. Usisome kingo, soma pale katikati palipobonyea. Kisha unaandika, na hapa ndipo wengi hukosea: maji ya leo saa tatu huandikwa kwenye tarehe ya jana, kwa kuwa sehemu kubwa ya saa ishirini na nne zake ni za jana. Mvua ikinyesha alfajiri ya Jumanne, kwenye daftari langu ni ya Jumatatu. Likumbuke jambo hili, nitalirudia. Nina kaunta buku tisa. Zimekaa kwenye sanduku la bati juu ya kabati, kwa sababu panya wa Isongole wanapenda gundi.

Sasa habari ya ekari moja na nusu.

Msimu mmoja, miaka michache nyuma, nilichukua mkopo wa pembejeo. Ndani ya mkopo kulikuwa na bima ya mazao. Sikuiomba, ilikatwa humo humo. Kijana aliyekuja kutuelimisha alikuwa na adabu, alimpa shikamoo kila mama mmoja mmoja kabla ya kukaa. Alisema bima hii haina usumbufu wa watu kuja kukagua mashamba, kwani setilaiti ndiyo inapima mvua. Ikipungua mno wakati viazi vinachipua, tunalipwa. Ikizidi milimita 120 ndani ya siku saba wakati viazi vinajaza, tunalipwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, inapimaje?" Akasema, "Mama, ni teknolojia ya kisasa." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Machi ikaja mvua ya kwetu. Wasomaji wa Pwani wanaijua mvua yenye radi na upepo, inayong'oa mabati na kwenda zake. Ya kwetu mara nyingi haina kelele. Wingu linatoka upande wa Ziwa Nyasa, linapanda polepole, linalalia mlima Rungwe na safu ya Uporoto kama kuku anayeatamia, na kazi yake ni kunyesha tu. Usiku kucha, mchana kidogo, usiku kucha tena. Huoni umeme, husikii ngurumo. Unasikia bati likinong'ona, na asubuhi chupa ya ndani imejaa hadi imemwagikia kwenye kopo la nje. Kwa siku saba nilimimina jumla ya milimita 171. Milimita moja juu ya ekari moja ni kama lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita ishirini. Kwa hesabu hiyo kila ekari yangu ilimwagiwa ndoo zaidi ya 34,000 katika wiki moja.

Baada ya maji ukaja ukungu. Kiswahili kimevipa jina moja vitu hivi viwili na hakikukosea: ukungu unaofunika bonde na ukungu unaounguza majani ya viazi ni mtu na nduguye. Jani likikosa kukauka, siku chache tu unaona madoa meusi, ukiligeuza kuna utando mweupe kama unga uliopulizwa, na shamba zima linatoa harufu ambayo aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa. Dawa nilipiga. Mvua ikaiosha. Nikapiga tena, ikaosha tena. Mahali nilipozoea kuvuna gunia sitini nilipata kumi na moja, na humo vya kulisha nguruwe vilikuwa vingi.

Nikadai. Jibu likaja kwa ujumbe wa simu: mvua ya siku saba katika eneo lako ni milimita 58, kiwango hakijafikiwa.

Nilipanda gari hadi Mbeya mjini, kaunta buku kwenye mkoba. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti na maji ya kunywa. Ofisa mmoja akafungua kompyuta akanionyesha ramani ya miraba, kila mraba na rangi yake. Mraba wangu ulikuwa wa kijani cha kufifia. Nikamfungulia daftari. Alilitazama kwa makini, sikatai, halafu akasema tarehe zangu zina kasoro, maana mvua kubwa nimeiweka Jumamosi wakati wingu lenyewe wao wameliona Jumapili alfajiri. Nikamweleza habari ya saa tatu na tarehe ya jana. Akaelewa mara moja, kijana ana akili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mkataba unasema setilaiti. Daftari halimo kwenye mkataba." Na ni kweli, halikuwemo. Nilisaini mwenyewe, kwa mkono huu uliofundisha watoto kusoma kabla ya kusaini.

Kampuni siitaji, wala siandiki ili inilipe. Deni nilishalimaliza kwa kumwuza ng'ombe. Nilichotaka kujua ni kimoja: zile milimita 113 zilikwenda wapi?

Nilimbana mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya mawasiliano chuoni hapa Mbeya. Likizo nzima alinitafutia makala na kunisomea, huku akilalamika, "Shangazi, hii ni zaidi ya mtihani." Haya niliyoyapata nayasema kwa lugha ya viazi.

Anayelima viazi anamjua dalali. Anasimama mbele ya lumbesa, anaizunguka, anaigusa kwa ncha ya kiatu, anasema, "Hii kilo mia na thelathini." Hajapima. Amekadiria kutokana na vitu vingine anavyoviona: jinsi gunia lilivyovimba, kilemba kilivyoshonwa juu, aina ya kiazi. Na dalali mzoefu hukaribia kabisa. Lakini jicho lake limefunzwa na mizani. Mnyime mizani kwa miaka kumi, jicho hilo litaanza kusema kinachoufaa mfuko wake.

Setilaiti ni dalali wa mvua. Ziko zile za Ulaya ziitwazo Meteosat, ziko kilomita 36,000 juu ya ikweta na zinazunguka kwa mwendo mmoja na dunia, hivyo hazibanduki juu ya Afrika. Hutuma picha kila baada ya dakika 15 au pungufu. Mchana zinaona wingu, usiku zinahisi joto lake. Lakini zinachokiona ni kichwa cha wingu tu, siyo maji yanayodondoka chini yake. Kichwa kikiwa cha baridi kali, maana yake wingu limepanda juu sana, basi huenda lina mvua. Kadiri linavyokaa na ubaridi huo ndivyo linavyoandikiwa milimita nyingi. Kwa mawingu marefu ya radi, yale yanayopasuka juu ya Usangu, mbinu hii inatenda haki. Kwa wingu letu la kuatamia, fupi, lenye kichwa cha uvuguvugu, dalali anatazama gunia dogo na kutaja bei ndogo. Wataalamu wanalijua tatizo hili siku nyingi, kwamba mvua ya milimani inayotoka kwenye mawingu yasiyo marefu huandikwa pungufu. Wenyewe wamelichapisha wala hawalifichi. Ila kutoka kwenye majarida yao hadi kwenye fomu niliyosaini, naona barabara ni mbovu.

Halafu kuna suala la mraba. Upo mkusanyiko mmoja wa takwimu unaotumika sana Afrika, unaitwa CHIRPS, unaanzia mwaka 1981, na kila mraba wake una upande wa kilomita zipatazo tano. Kilomita tano kwenye tambarare ya Dodoma ni kilomita tano. Kwetu, kilomita tano zinakutoa kwenye migomba na kukufikisha kwenye baridi inayobabua majani. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Vuka safu ushuke Chimala, hupati hata nusu yake. Mraba mmoja ukipakwa rangi moja, ndani yake kuna aliyelowa na aliyekauka, na wote wameandikiwa wastani.

Walioitengeneza CHIRPS hawakujidanganya, nawapa heshima yao. Herufi ya mwisho ya jina hilo imesimama badala ya vituo, yaani vipima vya ardhini kama changu, kwa sababu makadirio ya wingu husahihishwa kwa vituo vilivyo karibu. Penye vituo vingi, mraba husogea kwenye ukweli. Ambapo vituo vimeuzwa kwa kilo pamoja na masufuria, mraba unabaki na wingu peke yake.

Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha hesabu iliyonifanya nicheke nikiwa peke yangu jikoni. Walichukua vipima mvua vyote duniani ambavyo takwimu zake zinapatikana, wakajumlisha ukubwa wa midomo yake. Ukiipanga yote pamoja haifiki nusu ya uwanja wa mpira. Dunia nzima, pamoja na bahari zake! Mdomo wa kopo langu ni sentimita za mraba 127 hivi, na hata hizo hazimo kwenye nusu uwanja huo, maana zile kadi za kila mwezi za kutuma kwa posta ziliacha kuja zamani, na namba zangu zinaishia kwenye sanduku la bati.

Asije mtu akadhani nazichukia setilaiti ndogo. Nazipenda kuliko mwandishi wenu anavyozipenda, nadhani, kwa sababu zina asili ya ualimu. Mwaka 1999 walimu wawili wa vyuo vikuu Marekani, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walitaka wanafunzi wao watengeneze setilaiti na kuikamilisha kabla hawajahitimu. Wakaweka kipimo: mchemraba wa sentimita kumi kila upande, uzito wa kilo moja na ushee. Ukitaka kubwa zaidi, unaunganisha michemraba mitatu, au sita, kama watoto wanavyopanga matofali. Ya kwanza ilirushwa Juni 2003. Kwa kuwa zote zina kipimo kimoja, roketi inayobeba mzigo wa mwingine huzichukua pembeni, kama lori la viazi linavyompa abiria lifti.

Kilichonishangaza ni walichofanikiwa kukiingiza mle ndani. Setilaiti kubwa ya mvua ya Marekani na Japani, GPM, iliyorushwa Februari 2014, ina uzito wa karibu tani nne na imebeba rada inayotuma mawimbi hadi kwenye matone yenyewe. Mwaka 2018 Wamarekani wakatoa RainCube: michemraba sita, boksi la viatu, kilo kumi na mbili hivi. Ndani yake walikunja antena kama mwavuli, ikafunguka huko juu ikawa na upana wa nusu mita, ikaona mvua kwa rada. Haikukaa sana, Desemba 2020 ilirudi ikaungua angani, lakini ilithibitisha kwamba inawezekana.

Nyingine zinaitwa TROPICS, michemraba mitatu mitatu, hazizidi dumu la lita tano. Hizi hazina rada, zinasikiliza. Hewa ya oksijeni na mvuke wa maji hutoa mionzi hafifu mchana na usiku, kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu: moto huuoni, lakini kiganja kinajua. Oksijeni inasikika karibu na gigahezi 118 (ni kipimo cha mawimbi, kama namba za stesheni za redio), mvuke karibu na 183, na kwa kulinganisha sauti hizo setilaiti inajua joto na unyevu wa tabaka moja hadi jingine, na inajua penye mvua na barafu ndani ya wingu. Zilipangwa kuzunguka ukanda wetu wa joto tu, zisipoteze muda ncha za dunia, kwa kuwa kazi yake hasa ilikuwa kufuatilia vimbunga. Mbili za kwanza zilipotea Juni 2022, roketi iliposhindwa njiani. Mradi haukufa, ulikuwa umepangwa kwamba hata nne zinatosha, na nne hizo zilirushwa mbili mbili kutoka New Zealand Mei 2023. Ndivyo tunavyopanda mahindi, punje mbili shimo moja, moja ya ndege.

Na faida yenyewe iko hapo. Setilaiti moja kubwa ya obiti ya chini, yaani isiyo mbali na dunia kama Meteosat, inaweza kupita juu ya Isongole mara moja au mbili kwa siku, na kati ya kupita na kupita wingu langu limekuja, limenyesha na limekwenda. Nyingi zikifuatana, pengo hilo linashuka hadi kama saa moja. Kwa hiyo wanaosifu udogo wanasifu kisichohusika sana; kinachotusaidia ni wingi, na wingi umeletwa na bei.

(Kuna hata zinazopima hewa kwa kutazama mawimbi ya setilaiti za GPS yanavyopinda yakipita kwenye anga, kama mwiko unavyoonekana umevunjika ukiutumbukiza kwenye beseni la maji. Kutokana na kiasi cha kupinda, wanajua joto na unyevu. Ningekuwa bado nafundisha ningeleta beseni darasani.)

Majirani zetu wamo tayari. Kenya walianza mwaka 2018 na mchemraba mmoja wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaongeza Taifa-1 Aprili 2023. Rwanda walikuwa nayo mwaka 2019, Uganda mwaka 2022. Vijana hapa kijijini wananiuliza, "Mwalimu, yetu lini?" Mimi swali langu ni jingine. Itakapopita juu ya Isongole, itasahihishwa na nini?

Nauliza hivyo nikijua kwamba hata kopo hudanganya. Mwaka 2004 mbuzi aliingia uzioni akavunja glasi. Msamaria mmoja akaniletea nyingine kutoka mjini, safi, mistari yake inasomeka kuliko ya zamani. Niliitumia wiki tano. Wiki ya tano kijito cha chini ya shule kilichukua daraja la magogo, na daftari langu lilikuwa linasema ukame. Nikakaa na rula usiku kwenye koroboi. Glasi ile ilitengenezwa kwa ajili ya kipima chenye mdomo wa inchi nane. Changu ni inchi tano. Nane gawanya kwa tano, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 2.56. Kila tarakimu niliyoandika kwa wiki tano ilitakiwa kuzidishwa kwa 2.56. Sikufuta, maana mwalimu hafuti daftari la mvua. Nilipiga mstari mmoja mwekundu juu ya kila namba, nikaandika ya kweli juu yake, na pembeni nikaandika neno "mbuzi". Hadi leo anayefungua ukurasa ule ananiuliza mbuzi anaingiaje kwenye mvua.

Bila kijito kile nisingejua. Setilaiti nayo ikianza kusoma glasi isiyo yake, na vyombo vyake huchakaa, haina kijito huko juu. Na hizi ndogo umri wake ni mfupi. Ikianguka, inayokuja lazima ipite pamoja na ya zamani kwa muda, zilinganishwe, la sivyo mwaka wa kubadili chombo utaonekana kama mwaka wa kubadilika tabianchi. Kopo la shaba limekaa miaka zaidi ya thelathini mahali pawili tu, na mistari ya glasi naijua.

Ninachoomba kinaweza kufanywa na kata yoyote. Anayekuja kutuuzia bima ya mvua ya setilaiti aweke kipima kimoja kwenye kila shule ya kata hiyo, na daftari la kipima liandikwe kwenye mkataba kando ya setilaiti; zikipishana sana, watu wakae chini waulizane kwa nini. Msomaji wa kipima hahitaji shahada. Watoto wa darasa la tano niliwafundisha, ndani ya wiki moja walikuwa wanagombania zamu, na mmoja aliwahi kunisahihisha mimi mbele ya mkaguzi. Wala kadi za posta hazitakiwi tena, ujumbe wa simu unatosha, kama ule walionitumia wa kuninyima. Na hao wanaotengeneza setilaiti, wa kwetu watakapoanza, nadhani watafurahi kupata namba hizo kuliko sisi tutakavyofurahi kuzituma.

Kwenu ninyi ombi ni dogo zaidi. Andikeni "zinakadiria".

Mwandishi wa makala ile nampa karibu. Apande gari la Tukuyu pale Uyole, ashuke Isongole penye magunia ya viazi, aulize kwa Mwalimu Kopo. Aje na viatu vya tope. Ila awahi kabla ya saa tatu asubuhi, kwani nikishasoma, maji hayo namwagia miche ya kabichi.

Mwalimu mstaafu na mkulima wa viazi,
Isongole, Rungwe,
Mbeya.